Picha ya Watu, Maneno ya Dada

Ambaye hakunisoma wiki zilizopita nitamfupishia, maana aibu yangu ni ndefu na gazeti lina kurasa zake.

Mimi ni mkalimani wa sinema kwenye banda la video. Picha zinatoka nchi za watu, waigizaji wanaongea lugha yao, nami nakaa nyuma ya pazia na kipaza sauti nawasemea kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto, hata mbwa akibweka namtafutia la kusema. Kazi hii ilikuwa ya mjomba wangu, ambaye mji mzima unamwita Koo Saba. Koo lake likaota uvimbe, madaktari wakaukata, na sauti ikaondoka na uvimbe. Nikaingia mimi nyuma ya pazia, nikaiga sauti yake, na mjomba akawa anaketi kando yangu ili watu waone miguu yake chini ya pazia, waamini ni yeye anayesema.

Hapo ndipo tulipoishia. Wengine mlinitetea, mkasema kijana anamlisha mjomba wake, ana kosa gani? Leo mtaacha kunitetea.

Kuna jambo sikuwaambia. Lugha ya zile picha siijui. Hata mjomba hakuwahi kuijua.

Ndiyo hivyo. Mji mzima uliamini Koo Saba alisoma ng'ambo, na yeye hakuwahi kukanusha. Alikuwa anatazama mikono, macho, na nani kafunga mlango kwa hasira, kisha anakisia. Alikisia vizuri mno. Watu walitoka bandani wakijipangusa machozi kwa maneno ambayo hakuna mwigizaji hata mmoja aliyeyatamka.

Aliponifundisha, wakati bado ana koo, aliniambia, "Mpwa wangu, tusidanganyane, kazi yetu ni ya wizi. Picha si zetu. Basi na maneno uyaibe kwa akili. Iba sokoni. Iba kwenye foleni ya hospitali. Nyumbani usiibe."

"Kwa nini, mjomba?"

"Sokoni hawatajijua. Nyumbani watajijua."

Nikacheka, nikaitikia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa mjomba hasemi. Shingo imekakamaa tangu upasuaji, hata kuitikia kwa kichwa hawezi, na kalamu hakuizoea tangu utoto. Kwa kuwa siku hizi mimi ndiye ninayeishi naye, tumetengeneza ishara zetu wawili. Akigusa goti, maana yake ni kwenda. Akificha kidole gumba ndani ya ngumi, ni hapana. Mgeni asiyempenda akibisha hodi, mjomba huficha gumba, nami husema, "Mjomba anasema karibu sana, amefurahi kukuona." Mjomba hunikata jicho, mgeni huketi, chai hunywewa.

Basi. Twende kwenye kosa.

Siku ile banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Picha ilikuwa mpya, sikupata nafasi ya kuitazama kabla. Ilianza vizuri, ngumi na magari, mimi na ngumi hatugombani. Halafu, katikati, ikaja kitu ambacho sisi tunakiita mdomo mrefu.

Mdomo mrefu ni pale mtu mmoja anapoongea peke yake na kamera haiondoki usoni kwake. Hakuna ngumi, hakuna gari, hakuna wa kumjibu. Ni mdomo tu unaocheza, na wewe lazima uujaze. Ukinyamaza, watu wanapiga miluzi.

Alikuwa mwanamke amekaa kitandani kwenye chumba cha kupanga, macho mekundu. Nikamfanya aombe dua. Dua ikaisha, mdomo bado unakwenda. Nikamfanya amlaani adui. Laana zikaisha, mdomo bado. Mluzi wa kwanza ukalia.

Nikafungua mdomo, akatoka dada yangu.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashona barazani kwake, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Juzijuzi nilikwenda kwake kurekebishiwa suruali, na akiwa anafumua pindo, bila kuniangalia, akanieleza jambo ambalo hajawahi kumweleza mtu. Kwamba mwaka jana, koo la mjomba lilipoanza kuuma, alimuaga mumewe akisema anakwenda kumuuguza mjomba siku tatu. Hakwenda kwa mjomba. Alikodi chumba mtaa wa mbali, akalala.

"Ukalala tu?" nilimuuliza.

"Nikalala tu. Usinitazame hivyo. Nilitaka nisiitwe. Mama, mke wangu, fundi, jirani, kila pumzi mtu ananiita. Nilinunua mkate, nikaula kitandani na viatu mguuni, na hakuna aliyeniuliza nani amemwaga chembe. Nililia kwa raha, mdogo wangu. Kisha nikarudi."

Alinikabidhi suruali. Akasema, "Hiyo uizike."

Na mimi niliizika. Niliizika mpaka siku ile, mwanamke wa watu alipokataa kufunga mdomo. Nikamwaga yote. Siku tatu, chumba, mkate, viatu, chembe, nisiitwe. Nilisema kwa sauti ya kike ya mjomba, ile inayokwaruza mwishoni, na banda likatulia. Miluzi ikafa. Mama mmoja mstari wa mbele akaanza kupenga kamasi.

Ningeishia hapo, labda ningepona. Lakini kwenye picha mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mkubwa, mgongo kwetu, kifurushi cha karatasi mkononi. Watu wakaguna. Wakataka kujua ni nani huyo, na mimi ni mtumishi wa watu.

"Mpenzi," nikamsemea kwa besi, "nimekuja kama nilivyokuahidi."

Banda likalipuka. Wakapiga makofi, wakapiga mabenchi. Nilihisi raha ambayo sijawahi kuihisi, nasema kweli, mpaka vidole vya miguu. Nikamgeukia mjomba nione kama amefurahi. Mjomba alikuwa ananitazama kama mtu aliyemkuta nyoka jikoni. Alishaijua sauti ya dada ndani ya yale maneno.

Watu walipotoka, pazia likafunguliwa bila hodi. Mwanamke wa makamo, miwani, mkoba begani. Alikuwa mwalimu wa maigizo pale chuoni. Akakiona kipaza sauti mkononi mwangu, akaiona shingo ya mjomba, akaelewa bila kuelezwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mimi nimesoma nchi ile, lugha yao naijua."

"Mwalimu, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Unajua yule mwanamke alikuwa anasema nini?"

"Sijui."

"Analalamika bomba limepasuka. Maji yanadondoka chumbani, hajapata usingizi. Na yule mwanamume ni fundi bomba. Kile kifurushi ni spana."

Mjomba, pamoja na hasira zake, tumbo lilimcheza kwa kicheko.

"Nimeiona hiyo picha mara nyingi," Mwalimu akaendelea, "na sijawahi kuilia. Leo nimelia. Hiyo ni sanaa, kijana."

"Sanaa gani, Mwalimu? Picha ya watu. Hata sauti si yangu, namuiga huyu."

"Picha ya watu, sawa. Sauti ya mjomba, sawa. Na maneno?"

Hapo ndugu msomaji ndipo ningeweza kuwa mtu. Neno moja tu: dada. Lakini tangu nizaliwe hakuna aliyeniita msanii. Nguo nilivaa za kurithi, kazi nilirithi, jina la bango ni la mtu mwingine. Nikaona mlango umefunguliwa, nikaingia.

"Maneno ni yangu," nikasema.

"Basi wewe ni msanii."

Mjomba akainua ngumi, gumba limefichwa ndani. Hapana.

"Mjomba anasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Anasema ahsante sana, Mwalimu."

Tajiri, mwenye banda, hakulaza damu. Kumbe alikuwa amenirekodi. Akatoa nakala, akazisambaza, na nje akaandika kwa chaki: IMESIFIWA NA MWALIMU WA CHUO. Mimi nilipita mbele ya ubao ule kifua mbele. Nilikuwa napita hata nisipokuwa na safari ya kupita.

Shemeji, mume wa dada, ni mtunza ghala. Ni mtu mpole, hanywi, hapigani, na kitu kikipotea ghalani hatafuti wa kumfokea, anakaa anafikiri kimepitia mlango gani. Alikwenda kunyolewa. Kinyozi akaweka picha yangu. Shemeji akiwa na povu kidevuni akamsikia mwanamke anasema alimuaga mumewe siku tatu, akalala chumbani mtaa wa mbali, akala mkate na viatu mguuni.

Mke wake alirudi nyumbani mwaka jana na chembe za mkate kwenye soksi. Shemeji ndiye aliyezitikisa kabla ya kufua. Siku ile hakuuliza.

Halafu akamwona mwanamume akiingia. Na kijana mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akacheka, "Mwanamke akikwambia alikwenda kulala, muulize alilalia mkono wa nani."

Shemeji akaondoka na povu lake.

Dada ndiye aliyenifuata kwanza. Alinikuta nafagia banda. Alikuja na tepu ya kupimia shingoni, hata kuivua hakukumbuka.

"Umepigiwa makofi kwa machozi yangu," akasema.

Nikaacha ufagio. "Dada, mdomo ulikuwa mrefu, nikakosa..."

"Nilikuambia uzike."

"Ndiyo."

"Na yule mwanamume umemtoa wapi?"

"Alikuwemo kwenye picha, dada."

"Kwangu hakuwemo."

Nilitamani anipige. Alikuwa akinipiga nikiwa mdogo, kisha ananipa maji, tunasahau. Safari hii alikaa kwenye benchi akakunjua ile tepu na kuikunja, akakunjua na kuikunja, na mimi nikaona nywele nyeupe ambazo sikuwahi kuziona.

"Hajanipigia kelele," akasema. "Angepiga kelele ningejua la kufanya. Ananiuliza tu kama nimekula. Jana amelala sebuleni. Amesema kama ni kweli, kila mtu ashike njia yake, bila ugomvi. Mdogo wangu, mimi nampenda yule mtu."

"Nifanye nini?"

"Anakuja kukuuliza. Mwambie ni maneno ya picha. Wewe unatafsiri tu. Mkalimani hatungi."

Jioni shemeji akaniita barazani kwake. Dada alikuwa kwenye cherehani, anakanyaga bila kitambaa.

"Shemeji," akaniambia kwa upole wake, "yale maneno ni ya nani?"

"Ya picha, shemeji. Wenyewe ndivyo wanavyosema. Mimi nageuza tu kwa Kiswahili, siongezi chumvi."

"Huongezi?"

"Mkalimani hatungi, shemeji."

Niliikana ile sanaa yangu waziwazi, na niliona nafuu. Kama kukana kungetosha, ningekana mpaka kesho. Cherehani ikasimama. Dada akashusha pumzi.

"Vizuri," shemeji akasema. "Nimesoma kwenye ubao wenu kuna mwalimu amewasifu. Nimeulizia, nikaambiwa anaijua ile lugha. Kesho asubuhi, banda likiwa tupu, aje atusomee hiyo picha inasema nini. Ikiwa ni kama ulivyosema, nitamwomba mke wangu msamaha mbele yenu wote."

Nilikimbia chuoni muda uleule. Mlinzi wa geti akaniambia Mwalimu ameshaondoka. Anaishi wapi? Hajui. Nikarudi nikamweleza mjomba, mjomba akafumba macho.

Asubuhi nilitangulia bandani nikasimama mlangoni nimkamate Mwalimu kabla hajaingia. Nilikuwa na maneno tayari: Mwalimu, nakupigia magoti, sema ni tafsiri, sema mimi si kitu. Lakini alikuja ubavuni mwa shemeji. Shemeji alikwenda kumchukua mwenyewe.

Mwalimu akaniona, akatabasamu, akanibonyeza mkono kama anayeniambia usiogope. Nikaelewa. Alidhani kuna mtu anaidharau kazi yangu. Alikuwa amekuja kunitetea.

Tukakaa. Shemeji benchi la mbele, dada benchi lilelile lakini mbali naye, mjomba kwenye kiti chake kando ya mashine, mimi nimesimama maana kukaa nilishindwa. Picha ikawekwa, bila sauti yangu. Mwanamke akalia kitandani kwa lugha yake.

"Mwalimu," shemeji akasema, "huyu kijana anasema amegeuza tu. Ni kweli?"

Nikamtumbulia macho Mwalimu. Nikakohoa. Nikatikisa kichwa kwa siri mpaka shingo ikauma.

"Kwanza niseme," Mwalimu akaanza, amejinyoosha kama yuko mbele ya darasa, "watu wanawaona hawa kama kasuku. Wanasema kazi ya kudandia kazi ya mwenzako si sanaa. Mimi napinga. Huyu mwanamke hapa anazungumzia bomba linalovuja. Hakuna siku tatu. Hakuna mkate. Hakuna neno hata moja la kijana huyu lililomo kwenye picha. Ametoa mwenyewe, kichwani mwake. Aliniambia kwa mdomo wake: maneno ni yangu."

Alinigeukia akingoja nishukuru.

Dada alinitazama mara moja tu, akaangalia chini. Ningependa kuwaelezea uso wake lakini sina haki ya kuutumia tena.

"Ahsante, Mwalimu," shemeji akasema taratibu. "Na huyu mwanamume?"

"Fundi bomba."

"Fundi bomba. Sasa, shemeji yangu, tuongee. Jana ulisema hutungi. Leo nasikia umetunga yote. Siku tatu umetunga?"

Nikatazama sakafu.

"Mkate na viatu umetunga?"

"Shemeji..."

"Chembe nilizitikisa kwa mkono wangu."

Nikavunjika. "Niliyasikia kwa dada," nikasema. "Alinipa siri, nikaiuza. Mwalimu, nilikudanganya, maneno hayakuwa yangu. Lakini mwanamume nilimtunga mimi! Naapa. Huyo peke yake ndiye wangu."

Shemeji akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa huzuni. "Yaani niamini kwamba siku uliiba, chumba uliiba, mkate uliiba, hata chembe uliiba. Ila mwanamume tu ndiye uliyemtunga."

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa nini huyo tu?"

Kwa sababu watu waliguna. Kwa sababu nilitaka makofi. Nilisema hivyo, na ndiyo ilikuwa kweli tupu, na nikasikia mwenyewe jinsi ilivyonuka uongo.

"Nilikuwa peke yangu," dada akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Nilikwenda kulala."

"Mke wangu, nani anakodi chumba akalale tu? Ana kitanda nyumbani."

"Mimi."

Shemeji akainamisha uso kwenye viganja. Alitaka kuamini, mtu yeyote angeona alitaka. Alishindwa. Na mimi nikajua kwamba aliyosema dada ni kweli safi, na kweli ile haitamsaidia, kwa kuwa mimi nilibandika picha nyingine juu yake na picha ndiyo iliyobaki machoni mwa mumewe.

Ndipo mjomba akainuka.

Akairudisha picha nyuma mpaka mwanamke alipoanza kulia. Akaizima sauti. Kisha akachukua kipaza sauti chake, kile ambacho hata mimi aliniachia kwa shingo upande, akaenda nacho mpaka kwa dada, akakiweka mapajani mwake.

Dada akakitazama. Akakishika kama anavyoshika mkasi.

Mdomo wa mwanamke wa watu ukaanza kucheza, na dada akauingia. Hakuiga sauti ya mtu. Hakukwaruza, hakulia. "Nilichoka," akasema. "Nilikuwa nachoka nikiwa nimesimama, nachoka nikiwa nimelala. Nilikuwa nasikia jina langu hata kwenye maji ya bomba. Nikala mkate na viatu mguuni. Nikasema, nikilala nikashiba usingizi, nitarudi niwapende tena." Maneno yalikaa kwenye ule mdomo kama kitambaa kilichokatwa kwa kipimo. Mwalimu alivua miwani. Na mimi, Mungu anisamehe, hata pale niliona wivu.

Mlango ukafunguliwa kwenye picha. Mwanamume akaingia na kifurushi chake.

Nikangoja dada aseme hakuna aliyeingia. Yeye akamtazama mumewe. Akamtazama mjomba. Akavuta pumzi.

"Karibu, mjomba," akasema kwenye kipaza sauti. "Umeniletea mkate?" Kisha akaishusha sauti, akamsemea mwanamume: "Nimekuletea, mwanangu. Kula ulale. Mumeo akiuliza, nitasema ulikuwa kwangu."

Akaizima mashine yeye mwenyewe.

Shemeji akainua uso taratibu. "Mjomba ndiye aliyekuja?"

"Ndiye."

"Huyu alisema ulinunua mkate mwenyewe."

"Huyu kasema mengi," dada akajibu.

Kwangu alisema alinunua. Nakumbuka pindo, nakumbuka uzi, nakumbuka neno. Lakini je, siku ile alinipa yote? Au alikuwa anatunga sasa hivi, mbele ya macho yangu, kwa ustadi ambao mimi sitaupata nikiishi miaka mia? Nilimkodolea macho nisione chochote.

Shemeji akasimama, akaenda mbele ya mjomba, akachuchumaa kwa heshima ili macho yalingane.

"Mjomba," akasema, "wewe ni mzee wetu. Ukisema ulikwenda, nimeamini, na sitauliza tena mpaka nakufa. Ulikwenda pale chumbani?"

Mjomba akamtazama. Kisha akashusha mkono, akagusa goti. Akaunyanyua tena, akakunja ngumi mbele ya kifua chake, na kidole gumba kikaingia ndani.

Shemeji aliifuata ile mikono bila kuielewa. Akanigeukia. Dada naye akanigeukia, akaninyooshea kipaza sauti, na vidole vyake vilikuwa vya baridi nilipokipokea.

"Anasemaje?" shemeji akaniuliza. "Na safari hii, shemeji yangu, usitunge. Tafsiri."

Katika kazi hii yote nilikuwa nawasemea watu ambao lugha yao siijui. Leo niliielewa, neno kwa neno: kwenda; hapana. Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni.